Herufi Moja Kwenye Hati ya Mektilda

Kama ulinisoma Jumapili iliyopita, basi umeshanichukia, na sikulaumu. Endelea kunichukia, ila soma.

Aliyelikosa gazeti lile nitamweleza kwa ufupi. Mimi ni Kasmir, mpiga taipu. Mwaka sabini na tano nilikuwa na meza moja na mashine moja kuukuu, kibarazani kwa Mzee Awadhi, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Watu waliniletea shida zao nami nikazipiga taipu: maombi ya kazi, barua za posa, malalamiko ya kila namna.

Chumba cha mbele cha nyumba ile alikipanga Mektilda, mwanamke wa kwetu Ndanda. Alikaa humo miaka kumi na mmoja, akipika wali na maharage na kuwauzia mafundi wa mtaa wa Gerezani. Nilipoingia mjini sina hata pa kuweka sanduku, ndiye aliyenilisha miezi minne. Hakuniuliza hata siku moja nitaondoka lini.

Soko jipya lilipomalizika kujengwa, vyumba vya mbele vikaanza kutafutwa kama sukari. Mzee Awadhi akamtaka Mektilda ahame. Mektilda akagoma. Wakafikishana kwenye baraza la nyumba. Mwenyekiti wa baraza akawaambia: nendeni mkapatane, mniletee hati ya mapatano. Siku hiyo nitawauliza wote wawili kama mmeridhia, kisha nitaipiga muhuri. Ikishapigwa muhuri ni amri.

Wakapatana kwa mdomo, mbele yangu. Mektilda atoke kwa miezi mitatu, ukuta wa udongo ubomolewe na kujengwa wa matofali, kisha arudi chumbani kwake kwa kodi ileile.

Mektilda alipoondoka, Mzee Awadhi alirudi mezani kwangu peke yake. Akaniahidi kona ya chumba hicho, yenye mlango na kufuli, iwe ofisi yangu, mradi hati imnyime Mektilda kurudi. Mimi masika yote nilikuwa nikinyeshewa pale kibarazani, huku nimeifunika mashine kwa shati langu.

Hati ilipaswa kusema: "na atakuwa na haki ya kurudi." Mimi nikapiga: "na hatakuwa na haki ya kurudi."

Herufi moja tu. Kisha nikamsomea Mektilda bila herufi hiyo. Akaweka dole gumba. Akanishukuru, na kesho yake akaniletea chapati mbili.

Ndipo nilipoishia. Sasa sikiliza.

* * *

Wiki haikupita, katibu wa tawi la chama akasimama mbele ya meza yangu.

"Ndugu Kasmir, umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La nane, Ndugu Katibu."

"Vizuri. Taifa zima linasoma. Kuna darasa la watu wazima halina mwalimu. Kuanzia Jumatatu, saa kumi alasiri, ni lako."

"Ndugu Katibu, mimi kazi zangu..."

"Kazi zako ziko kwenye kibaraza cha watu. Unataka nije nikague leseni?"

Leseni sikuwa nayo.

Jumatatu nikaingia darasani, shule ya msingi, watoto wameshatoka. Watu wazima ishirini na wawili wamejikunja kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Nikafungua daftari la mahudhurio nikaanza kuita majina. La sita nikalisoma mara mbili kabla ya kulitamka.

"Mektilda."

"Nipo, mwalimu!" Akasimama, uso umejaa furaha. Akawageukia wenzake. "Huyu ni mwanangu huyu! Kwetu mmoja! Mnamwona? Leo ndiye mwalimu wangu!"

Wakapiga makofi. Mimi nikaangalia ubao.

Baada ya darasa alinisubiri mlangoni.

"Mama, kwa nini umejiandikisha?" nikamwuliza. "Umri huu, na kazi zako zote?"

"Umri ndio nini, Kasmir? Siku ile uliponisomea karatasi yangu niliona aibu. Nikasema, kumbe mtoto wa watu ananifanyia kazi ambayo ningeifanya mwenyewe. Sitaki kukusumbua tena."

Alikuwa amejibanza kwa mwenzake mtaani Keko, wanalala watano chumba kimoja. Kila asubuhi alibeba sufuria kichwani kwenda Gerezani. Na siku zile mgambo walikuwa wakisimamisha watu njiani: unaishi wapi, unafanya kazi gani, balozi wako wa nyumba kumi nani? Asiyejibu vizuri alipandishwa lori arudishwe kijijini. Mara mbili Mektilda alisimamishwa, na mara mbili alijibu vilevile: "Naishi Narung'ombe, kwa Mzee Awadhi. Nimetoka kidogo, ukuta unajengwa. Nina karatasi."

Nina karatasi. Alikuwa akitembea nayo kifuani, ndani ya mfuko wa nailoni.

* * *

Hapa sasa ndipo pa kuungama kwa leo, maana ile ya wiki iliyopita ilikuwa dhambi ya siku moja. Hii niliifanya wiki tisa mfululizo, kila saa kumi alasiri, nikiwa nimeshika chaki.

Niliificha herufi H.

Kitabu cha kisomo kilikuwa na mpangilio wake, mimi nikawa na wangu. Nikafundisha A, E, I, O, U. Nikafundisha B, nikakaa nayo wiki mbili. Nikafundisha M, K, T, L, N na nyingine nyingi. Ukurasa wenye ha he hi ho hu nikaupita kama mtu anayepita nyumba ya anayemdai.

Kulikuwa na mwanafunzi mmoja anaitwa Sadalla, kuli wa sokoni, mtu wa utani. Siku moja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hii ba be bi bo bu tumeila mpaka inatutokea puani. Hakuna mboga nyingine?"

Darasa likacheka. Mektilda hakucheka. Alikuwa ameinama, anaandika.

Wengine walijifunza darasani tu. Yeye alisoma kila kitu. Alisoma kiberiti, alisoma gunia la unga, alisoma migongo ya khanga za wanawake waliomtangulia njiani, mpaka siku moja mwanamke akamgeukia akamwuliza unanifuata nini. Alinisimulia hayo huku akicheka, nami nikacheka naye.

Wiki ya tisa akaja mkaguzi wa kisomo. Akasikiliza, akaridhika, akasema, "Sasa tusiishie kitabuni. Kesho kila mmoja alete karatasi yoyote ya nyumbani kwake asome mbele ya wenzake. Barua, kadi, risiti, chochote."

Usiku ule sikula.

Kesho yake mzee mmoja akasoma kadi ya chama. Mama mwingine akasoma kadi ya kliniki ya mjukuu wake. Sadalla akaleta kipande cha gazeti kilichofungia karanga. Kisha Mektilda akasimama, akaingiza mkono kifuani, akatoa ule mfuko wa nailoni.

"Mama," nikasema haraka, "hiyo ni ngumu. Ni maneno ya sheria. Soma khanga yako."

"Niache nijaribu, mwalimu. Nikishindwa utanisaidia."

Akaikunjua. Akaweka kidole chini ya mstari.

"M-pa-nga-ji. Mpangaji! Ndiye mimi." Darasa likapiga makofi. "A-ta-o-ndo-ka. Ataondoka. Nyu-mba-ni. Ataondoka nyumbani. Na..."

Kidole kikasimama.

"Mwalimu, herufi hii hujatufundisha."

"Hiyo iruke. Mashine ilikosea."

Akaniamini. Akaruka.

"A-ta-ku-wa. Atakuwa. Na..." Kidole kikasimama tena. "Ipo hapa tena. Niiruke na hii?"

Nikatikisa kichwa, hata sijui nilimaanisha ndiyo au hapana.

"A-ki. Aki. Aki ya ku-ru-di." Akainua uso. "Aki ndiyo nini, mwalimu?"

"Haki hiyo!" Sadalla akapaza sauti kutoka nyuma. "Haki ya kurudi! Hiyo herufi mimi naijua, ipo kwenye nguzo ya umeme pale njia panda, na fuvu la kichwa cha mtu. HATARI. Hatusemi atari, tunasema hatari."

Watu wakacheka. Wengine wakampongeza Sadalla kwa akili zake.

Mektilda alirudisha kidole nyuma. Taratibu, neno moja, mawili, matatu. Midomo ikaanza kumtembea bila sauti. Nilimwona anafika kwenye lile neno. Nilimwona analipita, anarudi, analipita tena.

"Ha-ta-ku-wa," akasema.

Hakuna aliyecheka.

"Hatakuwa na haki ya kurudi."

Akaikunja hati kama ilivyokuwa, akairudisha kwenye nailoni, akakaa. Nami nikasema, "Vizuri, amesoma vizuri, anayefuata." Naapa, ndivyo nilivyosema.

* * *

Wenzake walipotoka hakuondoka. Alibaki kwenye dawati, mikono juu ya meza.

"Kasmir. Uliniambia nini siku ile?"

"Mama, kidole kiliteleza. Herufi zile ziko karibu karibu, mtu akipiga haraka..."

"Kidole kiliteleza."

"Ndiyo, mama."

"Na mdomo? Mdomo nao uliteleza? Maana uliponisomea hukuisoma hiyo H."

Njia ya mwongo ni fupi, nami yangu ilikuwa imefika ukutani.

"Nimetembea na karatasi hii miezi miwili na nusu," akasema. "Mgambo wamenisimamisha nikawaonyesha. Wangekuwa wanajua kusoma, wangenipandisha lori kwa karatasi yangu mwenyewe."

"Nisamehe, mama."

"Alikupa nini?"

Nikamwambia. Kona. Mlango. Kufuli.

Nilitarajia kilio, au matusi, au kibao, na ningekipokea. Akasema tu, "Kona ya chumba changu. Ungeniomba mimi, ningekupa."

Akasimama, akajifunga khanga.

"Alhamisi ni siku ya baraza. Mwenyekiti atauliza. Na wewe utakuwepo, na utasema."

"Nitasema, mama."

"Sikukuomba uniahidi. Ahadi zako nimeshazisoma."

* * *

Kabla ya Alhamisi nilijaribu njia ya uoga, kama kawaida yangu. Nilikwenda kwa Mzee Awadhi nimwombe tuandike hati nyingine kimyakimya, hii tuichane.

Nikakuta mlango wa chumba cha mbele uko wazi. Ukuta mpya umekamilika, unanukia saruji. Ndani kuna mtu amepiga magoti na futikamba. Nilimfahamu: Praful, fundi redio, aliyekuwa na banda lake upande wa Mnazi Mmoja.

"Karibu, Kasmir," akasema. "Nitakuwa jirani yako sasa. Hapa naweka rafu, pale naweka rafu, huku meza ya kazi."

"Na kona ile?"

"Ile? Redio mbovu. Hizo ndizo nyingi."

"Mzee hakukuambia kwamba kona ile ina mtu?"

Praful akaacha kupima. Alikuwa mtu mpole, na nilimwona anaona aibu kwa jambo asilolijua. "Mimi nimepewa chumba kizima, ndugu. Kama kuna mtu, mwulize mzee. Mimi sitaki ugomvi na mtu."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Nimemuuza aliyenilisha, na bei yenyewe hewa.

Mzee Awadhi nilimkuta uani, anatawadha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona umekunja uso?"

Nikamweleza. Mektilda amesoma hati. Nilidhani atashtuka. Akamaliza kuosha mguu wa kushoto, akanyoosha mgongo.

"Amesoma? Masha'Allah. Serikali inafanya kazi nzuri."

"Mzee, tuandike nyingine. Arudi. Ndivyo mlivyopatana."

"Kijana, nyumba hii ndiyo shamba langu. Sina pensheni, sina mtoto wa kiume. Chumba cha uani kinanilisha wiki, chumba cha mbele kinanilisha mwezi. Yule mama namheshimu, lakini heshima haiezeki paa."

"Basi Alhamisi nitasema ukweli. Kwamba uliniagiza."

Akatabasamu. Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

"Sema. Lakini kwanza nikuulize. Mimi chuoni nilisoma alifu, bee, tee. Hizi herufi zenu sizijui hata moja. Tazama sahihi yangu kwenye hati, nimeitia kwa Kiarabu. Mektilda siku ile hakujua kusoma, aliweka dole gumba. Tulikuwa watu watatu pale. Anayejua kuandika H ni nani?"

Nikatazama vidole vyangu, vina wino wa taipu.

"Kughushi hati ya baraza ni jela, Kasmir," akasema kwa upole, kama baba anayemwonya mwanawe. "Nenda kapige taipu zako. Alhamisi unyamaze, yule mama alie, mwenyekiti apige muhuri. Tutakuangalia na wewe pa kukuweka."

* * *

Alhamisi saa tatu tukawa barazani. Mwenyekiti alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani, sauti ya chini. Akaisoma hati yote, neno kwa neno, na alipofika kwenye neno lile hakulipa uzito wowote. Kwake lilikuwa neno kama mengine.

"Mama, dole gumba hili ni lako?"

"Ni langu, Ndugu Mwenyekiti."

"Ulisomewa yaliyomo ukayaridhia?"

"Niliyosomewa niliyaridhia. Hayo uliyoyasoma wewe sikusomewa."

Mwenyekiti akavua miwani. "Nani alikusomea?"

Hakunyoosha kidole. Hakunigeukia. Alisema tu, "Yupo. Atajitaja mwenyewe."

Wasomaji, nimeshasema mambo mengi ya kunidhalilisha, niruhusuni nitaje moja tu la upande mwingine. Nilisimama.

"Ni mimi, Ndugu Mwenyekiti. Mimi nilipiga hati ile na mimi nilimsomea. Walipatana arudi. Mimi nikaongeza herufi. Mzee Awadhi ndiye aliyeniagiza."

Chumba kikavuma. Mwenyekiti akagonga meza.

"Mzee Awadhi?"

Mzee akasimama polepole, ameshika fimbo yake, kofia imekaa sawasawa.

"Mwenyekiti, nashangaa. Mimi na bibi huyu tulipatana arudi, na mpaka leo nasema arudi. Lini nimemkatalia? Hati ilipigwa na huyu kijana. Mimi herufi hizo sizijui, tazama sahihi yangu. Nimedanganywa kama alivyodanganywa yeye."

Nikaona uso wa Mektilda unabadilika. Nikaona na wangu unabadilika, ingawa sikuwa na kioo.

"Mwongo!" nikapiga kelele. "Praful amepima rafu! Fundi redio! Chumba ameshapewa!"

"Fundi huja kwangu kutengeneza redio yangu," akasema Mzee Awadhi. "Na hupenda kupima pima. Ndiyo kazi yake."

Mwenyekiti akanigeukia.

"Wewe. Mzee anasema anataka arudi. Mama anataka kurudi. Basi herufi hii ilimfaa nani? Wewe ulipata nini?"

Nikajibu ukweli nilioulizwa.

"Niliahidiwa kona, Ndugu Mwenyekiti."

"Kona ipi?"

"Ya chumba hichohicho. Niweke ofisi."

"Kwa hiyo mama asiporudi, wewe unapata ofisi."

Niliposikia jinsi ilivyotoka mdomoni mwake, hata mimi nilijiona ndiye mwizi pekee katika chumba kile.

Akaandika kwa muda. Kisha akasema hati ile ni batili, haipigwi muhuri. "Mzee na mama, nawapa nusu saa. Tokeni nje mzungumze. Mkipatana upya, karani wangu ataandika hapa hapa mbele yangu. Msipopatana, nasikiliza shauri kuanzia mwanzo, na hapo wote mtaulizwa, na fundi redio ataitwa. Suala la aliyeghushi nitaamua kutokana na maelezo yenu wawili." Akamwashiria askari aliyekaa mlangoni. "Huyu kijana asitoke nje ya jengo."

* * *

Ukumbi wa nje ulikuwa mwembamba, benchi moja tu. Mzee Awadhi akakaa ncha hii, Mektilda ncha ile. Mimi nikasimama ukutani hatua tatu kutoka kwao, askari pembeni yangu. Mzee hakushusha hata sauti. Alitaka nisikie.

"Bibi, tusichoshane. Chumba chako nakurudishia. Kesho asubuhi lete vyombo vyako. Ukuta mpya, kodi ileile, na tuandike kwamba hakuna wa kukutoa tena maadamu unalipa. Praful nitamwambia atafute pengine."

Nilijua Mektilda anahesabu nini. Miezi mitatu Keko, watu watano chumba kimoja, mgambo kila njia panda.

"Na wewe unataka nini?"

"Jambo moja tu. Utasema hujawahi kunisikia nikimwagiza huyu chochote. Na ni kweli, hukunisikia. Utasema tulipatana sawasawa, huyu mpiga taipu akaghushi peke yake kwa tamaa yake."

"Na yeye?"

"Yeye ni mambo yake na serikali."

"Na nikikataa?"

"Ukikataa, shauri linaanza upya. Litachukua mwaka, labda miwili. Wewe utakuwa Keko. Chumba kitakuwa kimefungwa kufuli, na mimi nimeshazeeka, naweza kusubiri. Wewe utawaambia nini mgambo? Karatasi huna tena."

Alikuwa amesema kweli tupu. Hiyo karatasi ya uongo ndiyo iliyokuwa ikimlinda barabarani, na mimi nilikuwa nimeivunja dakika chache zilizopita kwa kusema kweli.

Nilitaka kumwambia: kubali, mama. Kubali, ni haki yako. Maneno yalifika kwenye ulimi. Halafu nikaona picha ya gereza, nikayameza. Mpaka leo sijui kama angenisikia angefanya nini, kwa sababu sikusema.

Mektilda akanigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kunitazama usoni.

"Kasmir, mama yako kule Ndanda bado yuko hai?"

"Yupo, mama."

"Macho yake vipi?"

"Haoni vizuri. Jicho moja limekufa."

"Anasaidiwa na nani?"

"Na mimi. Namtumia kila mwezi."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeongeza kitu kwenye mzigo ambao tayari ulikuwa mzito.

"Mimi nina binti yangu, Candida," akasema, akiongea nami au akiongea na sakafu, sikuelewa. "Yuko darasa la sita. Nilimpeleka kwa shangazi yake mpaka nipate chumba. Kila Jumapili ananiuliza, mama, ukuta umekwisha?"

Karani wa baraza akatoa kichwa mlangoni. "Nusu saa imekwisha. Mwenye nyumba na mpangaji, ingieni."

Mzee Awadhi akanyanyuka. Mektilda naye akanyanyuka. Nikapiga hatua nami niingie, askari akaweka mkono kifuani kwangu.

"Wewe baki. Wameitwa wawili."

"Mama!" nikaita.

Hakugeuka. Mlango ukafungwa. Ulikuwa mlango wa mbao nyembamba, na sauti zilipita.

"Je, mmepatana?" Mwenyekiti aliuliza.

Nilihesabu pumzi zangu, nikafika ya saba.

"Tumepatana, Ndugu Mwenyekiti."

Ilikuwa sauti ya Mektilda. Haikutetemeka.

"Kwa masharti gani?"

Akaanza kusema, lakini karani wa baraza alikuwa tayari ameanza kupiga taipu, na mlio wa mashine ukafunika maneno. Niliegemeza sikio mlangoni, askari hakunizuia. Nilisikia "chumba". Nilisikia "kijana huyu". Kilichofuata sikukipata, na nilikuwa mpiga taipu wa miaka saba, lakini hakuna binadamu awezaye kusikia herufi kwa mlio wake.

Mashine ikanyamaza. Ndani kengele ya mezani ikagongwa. Askari akafungua mlango kidogo, akasikiliza alichoambiwa, akaufunga, akanigeukia.

"Wewe ndiye Kasmir?"

"Ndiyo, afande."

Akaanza kufungua kifungo cha mfuko wake wa pembeni, ule wa pingu.

"Nipe mikono yako kwanza," akasema. "Halafu yule mama anasema ana neno la kukuambia."